Nani Apewe Tarehe Kwanza? Njia Nne za Kugawa Siku za Ukumbi wa Mikutano wa Jiji

Barua mbili zimefika ofisi ya ukumbi katika wiki moja. Ya kwanza imetoka kwa chama cha kimataifa cha madaktari. Wanataka wiki ya pili ya Machi, miaka minne ijayo, wajumbe 3,000, na 2,000 kati yao watatoka nje ya nchi. Ya pili imetoka kwa mwandaaji wa maonyesho ya samani na vifaa vya ujenzi, mtu wa hapahapa mjini, ambaye kila Machi hukodi ukumbi uleule kwa siku kumi. Ofisa wa kalenda ameshika penseli. Akiandika jina la mmoja, mwingine atanung'unika, na kesho yake asubuhi simu ya diwani italia.

Ukumbi ukiwa wa mtu binafsi, jibu ni jepesi: anayelipa zaidi ndiye anayeingia. Ukumbi wa jiji ni jambo jingine. Umejengwa kwa kodi ya muuza samaki na ya mwenye hoteli pia, na kila mmoja ana haki ya kuuliza umemsaidia nini. Ndiyo maana jiji linahitaji kanuni ya kugawa tarehe, iliyoandikwa kabla barua hazijafika.

Makala haya ni kwa madiwani, wajumbe wa bodi na mameneja wa kumbi walio kwenye njia panda hiyo. Mfano nitakaourudia ni wa Durban, Afrika Kusini, kwa kuwa mwenye mali pale ni jiji lenyewe. Ukumbi wake wa kimataifa ulifunguliwa mwaka 1997 na Rais Nelson Mandela, na kampuni inayouendesha ni mali ya manispaa ya eThekwini, yaani serikali ya jiji la Durban. Kumbi za mikutano za kimataifa za Arusha (AICC) na Nairobi (KICC) ni za serikali kuu, lakini maswali ya mezani kwao hayako mbali na haya.

Tunapima kwa nini

Nimetumia vigezo vitano kwa kila njia. Cha kwanza ni pesa inayobaki mjini, yaani hotelini, kwenye teksi, sokoni na migahawani. Cha pili ni hazina ya ukumbi wenyewe: kodi ya pango, chakula, umeme na maegesho. Cha tatu ni mlango kwa wakazi, kama mtu wa kawaida wa mji ule anapata kuingia. Cha nne ni utulivu wa kalenda, maana ukumbi wenye siku tupu nyingi unakula fedha bila kuzalisha. Cha tano ni kigezo ambacho wengi hukiruka, nami nakiona kizito kuliko vyote: kama kanuni inaweza kusimama pale mkubwa anapopiga simu.

Njia ya kwanza: wageni wa kulala kwanza

Hapa tarehe hupewa tukio litakalojaza hoteli. Ndiyo njia iliyozoeleka katika miji mingi ya Marekani. Tarehe zilizo mbali, kwa kawaida kuanzia mwaka mmoja na nusu au miwili mbele, huwekwa akiba kwa makongamano yenye wageni wengi wa kulala. Tarehe zikikaribia bila mwenyewe, ndipo wengine hufunguliwa mlango. Sababu yake ni ya fedha moja kwa moja, kwani huko kodi ya hoteli, ile anayotozwa mgeni juu ya bei ya chumba, ndiyo hubeba gharama nyingi za kumbi. San Diego, kwa mfano, ilipandisha kodi ya hoteli Mei 2025, na sehemu ya nyongeza imetengewa ukumbi wa mikutano wa jiji hilo. Kwa hiyo wenye hoteli wanapodai wasikilizwe kwanza, wana hoja.

*Pesa inayobaki mjini.* Hapa njia hii haina mpinzani. Chukua madaktari wetu: wageni 2,000, kila mmoja akilala siku nne, ni usiku 8,000 wa hoteli. Ongeza chakula cha jioni, teksi, kitenge cha kupelekea mke au mama nyumbani, na safari ya siku mbili mbugani au pwani baada ya kongamano. Tena mkutano mzuri huzaa mwingine. Durban ilipokea Mkutano wa Kimataifa wa UKIMWI mwaka 2000, mara ya kwanza mkutano huo kufanyika katika nchi inayoendelea. Mwaka 2016 mkutano huohuo ukarudi Durban.

*Hazina ya ukumbi.* Huu ndio upande mchungu. Makongamano makubwa yanagombewa na miji mingi, na waandaaji wanalijua hilo, kwa hiyo huomba punguzo kubwa la pango. Ukumbi unaweza kufunga mwaka ukiwa na hasara kwenye vitabu huku jiji likiwa limeneemeka. Baraza likichagua njia hii, lijiandae kuufidia ukumbi kila mwaka, bila kumlaumu meneja kwa hasara ambayo lenyewe limeiagiza.

*Mlango kwa wakazi.* Unakuwa mwembamba. Mkazi huona mabasi yenye vioo vya giza yakipita, huona barabara zimefungwa, na ukumbi anauona kwa nje tu.

*Kalenda.* Tarehe za mbali hutulia, lakini mashimo hutokea. Unashika wiki nzima miaka mitatu kwa matumaini ya kushinda zabuni ya kongamano, kisha kongamano linakwenda Kigali au Cape Town, nawe umekwisha kuwakatalia watu watatu. Kuna jambo jingine ambalo kumbi changa hulisahau, nalo ni siku za pembeni. Mkutano wa tabianchi wa COP17 wa mwaka 2011, uliofanyika Durban, ulipangwa kumalizika Ijumaa tarehe 9 Desemba. Wajumbe walibishana usiku na mchana, na uamuzi ukapatikana alfajiri ya Jumapili tarehe 11. Fikiria kama Jumamosi ile ukumbi ungekuwa umeahidiwa mtu mwingine, malori ya mabanda yakisubiri mlangoni huku mawaziri wa dunia nzima bado wako ndani. Mkutano wa serikali uachiwe angalau siku mbili tupu nyuma yake.

*Simu ya mkubwa.* Kanuni inasimama vizuri kwa sababu inapimika: usiku ngapi wa hoteli? Udhaifu ni kwamba waandaaji hutia chumvi. Dawa ni kudai ushahidi wa matukio yaliyopita. Mikutano halisi ya vyama vya kimataifa huzunguka nchi kwa nchi, kwa hiyo ipo miji iliyokwisha kuipokea. Piga simu kwenye ukumbi uliowapokea mara ya mwisho, uliza waliahidi wangapi na walifika wangapi. Simu hiyo ya dakika kumi ina thamani kuliko kitabu chote cha zabuni chenye picha za rangi.

Inaufaa mji wenye vyumba vya hoteli vya kutosha, uwanja wa ndege wa karibu, na baraza lililo tayari kutoa ruzuku.

Njia ya pili: mapato ya ukumbi kwanza

*Hazina ya ukumbi.* Tukio hupimwa kwa kile litakachoacha kwenye akaunti ya ukumbi baada ya gharama. Maonyesho ya siku kumi yanayochukua sakafu yote, karamu za makampuni za Desemba, na mikutano mikuu ya wanahisa hufanya vizuri hapa. Meneja mzoefu haangalii pango peke yake. Mara nyingi sahani 800 za chakula cha jioni zina faida kuliko ukumbi zinamoliwa, na hao wa karamu huja saa kumi jioni na kuondoka usiku uleule, kesho asubuhi sakafu iko huru.

*Pesa inayobaki mjini.* Hapa pana utata. Watu 40,000 wakija kwenye maonyesho ya samani na jioni wakarudi nyumbani kwao, fedha zao zimetoka mfuko mmoja wa mji kwenda mwingine. Hata hivyo nisiidharau njia hii. Fundi seremala wa Keko, Dar es Salaam, au wa Gikomba, Nairobi, akipata meza ndani ya maonyesho kama hayo, oda za miezi mitatu anaweza kuzipata mahali pamoja.

*Mlango kwa wakazi.* Uko wazi kwa mwenye kiingilio. Ila chama cha akina mama cha kuweka na kukopa, chenye wanachama 300 na akiba ndogo, hakitashinda kamwe kwa kipimo hiki.

*Kalenda.* Hujaa haraka kwa miezi ya karibu na hubadilika kirahisi. Hatari ni kushibisha kalenda mapema kwa vitu vidogo vinavyolipa vizuri, kisha likija kongamano la miaka minne mbele likute wiki imekatwakatwa na karamu tatu. Hatari ya pili ni mpangaji wa kudumu. AICC ya Arusha ilikuwa makao ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda tangu 1995 hadi mahakama hiyo ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Kazi ile ilikuwa ya lazima kwa ubinadamu, na jina la Arusha liliandikwa katika historia ya sheria duniani. Lakini kwa mwenye ukumbi yeyote, mpangaji wa miaka ishirini ni kodi ya uhakika leo, na siku akiondoka ni ofisi nyingi zinazohitaji wapangaji wapya kwa mpigo.

*Simu ya mkubwa.* Orodha ya bei iliyobandikwa ukutani hutetea vizuri. Mwanya wake ni neno "punguzo". Asiyeweza kuivunja foleni huomba bei, na punguzo likitolewa kwa mdomo kipimo chote kimekufa. Kila punguzo liandikwe, liwe na sababu, na lisomwe mbele ya bodi.

Inaufaa ukumbi wenye deni la ujenzi la kulipa, au ule ulioambiwa wazi kwamba ruzuku hakuna.

Njia ya tatu: wakazi kwanza

Nimewahi kusimama mlangoni mwa ukumbi mkubwa siku ya mahafali ya chuo kidogo cha uuguzi. Mama mmoja alikuwa amevaa kitenge kipya na kushika maua ya plastiki. Alivua viatu kabla ya kukanyaga zulia la ukumbini. Mlinzi akamwambia, "Vaa tu mama, ingia, ni kwenu hapa." Akavaa, akaingia taratibu, akitazama juu kwenye taa. Sijapata kuona hesabu ya mapato inayoandika thamani ya maneno yale ya mlinzi, lakini nadhani kila baraza la jiji linapaswa kuyakumbuka linapokaa kugawa tarehe.

*Mlango kwa wakazi.* Njia hii hutenga siku maalumu kila mwaka kwa mahafali, ibada kubwa, mikutano ya ushirika, vyama vya walemavu, maonyesho ya shule na harusi za watu wa mji. Siku hizo hulipiwa bei nafuu, na hazigombewi na makongamano. Idadi ni ya kujadiliwa. Tuseme siku 60. Muhimu ni zisiwe siku za makombo. Wapo wanaowatengea wakazi Jumanne za Februari kisha wakajisifu. Watu wa pwani wanataka Shawwal baada ya mfungo, wa bara wanataka Jumamosi za Desemba, na mahafali yana miezi yake. Kama Jumamosi hazimo, wakazi hawajapewa kitu.

*Pesa inayobaki mjini.* Ya nje ni kidogo. Ya ndani huwafikia wapambaji, wapishi, wapiga picha, washona nguo na MC, ambao wengi ni vijana waliojiajiri.

*Hazina ya ukumbi.* Huumia, tena kweli. Umeme wa kupoza ukumbi wa watu 2,000 haujui kama aliye ndani amelipa nusu bei. Fidia ya siku hizi itoke bajeti ya jiji, na ionekane kwenye vitabu.

*Kalenda.* Wakazi hawapangi miaka minne mbele. Kwa hiyo siku zilizotengwa zinahitaji tarehe ya kuachiwa, mathalani miezi sita kabla: ambayo haijachukuliwa inarudi sokoni. Bila hivyo, ukumbi utalala giza Jumamosi ambayo mtu alikuwa tayari kuilipia.

*Simu ya mkubwa.* Hapa ndipo njia hii inapojeruhiwa zaidi. Mkazi ni nani? Kikundi cha vijana kilichosajiliwa jana na mgombea ubunge ni wakazi? Mkutano wa chama cha siasa ni shughuli ya jamii? Kanuni isipojibu maswali haya kwa maandishi, siku 60 za wananchi zitageuka siku 60 za wanasiasa. Bahati nasibu ya wazi kwa Jumamosi zinazogombewa, mbele ya watu, imenionesha amani kuliko kamati yoyote.

Na ukumbi wa umma una kazi moja ambayo haiko kwenye kalenda yoyote. Mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, ukumbi wa mikutano wa Cape Town, ambao jiji ndilo mwenye hisa nyingi, uligeuzwa hospitali ya muda yenye vitanda zaidi ya 800. Mkataba wa kila mteja uwe na kifungu cha dharura, mjini kokote, kwa njia yoyote utakayoichagua.

Inaufaa mji ambao ukumbi wake ulijengwa kwa kodi za wananchi moja kwa moja, au mji usio na ukumbi mwingine mkubwa.

Njia ya nne: aliyetangulia ndiye mwenye zamu

Hii haihitaji maelezo marefu. Daftari moja, foleni moja, arbuni mezani. Pesa inayobaki mjini na hazina ya ukumbi hutegemea nani kaamka mapema. Mlango kwa wakazi uko wazi kwa haki sawa, ingawa mwenye ofisi na karani atamtangulia mwenye simu ya tochi. Kalenda hujaa bila mpango. Kwa simu ya mkubwa, hakuna kanuni rahisi kuitetea kuliko hii: "Mheshimiwa, tarehe imekwisha kuchukuliwa, tazama muhuri wa risiti."

Adui wake ni dalali. Anashika Jumamosi kumi za Desemba kwa maneno matupu, kisha anaziuza kwa maharusi wenye haraka. Tiba inajulikana kwa kila anayefanya kazi hii. Kushika bila malipo kuwe na mwisho, tuseme siku 14. Baada ya hapo ni arbuni au kuachia. Anayekuja nyuma aandikwe wa pili, na akiwa na fedha mkononi, wa kwanza apewe siku saba za kazi: alipe au apishe. Na jina kwenye mkataba lisihamishwe kwa mtu mwingine bila ukumbi kukubali.

Inaufaa ukumbi wa kati, mji usio na ushindani mkubwa wa tarehe, na ofisi yenye wafanyakazi wachache.

Barua zile mbili zinajibiwaje?

Kwa njia ya kwanza, madaktari wanapata Machi bila mjadala. Kwa ya pili, ofisa anakokotoa: siku kumi za maonyesho kwa bei kamili, dhidi ya siku saba za madaktari (mbili za kujenga mabanda, nne za mkutano, moja ya kubomoa) kwa bei ya punguzo, pamoja na milo yao. Samani zinaweza kushinda. Kwa ya tatu, barua zote mbili zinasubiri mpaka ijulikane kama wiki hiyo ina Jumamosi ya wakazi. Kwa ya nne, tunatazama muhuri wa siku ya kupokelewa na nani katoa arbuni.

Mwandaaji wa samani ana dai jingine ambalo hakuna njia inayolijibu yenyewe: ni mteja wa kila mwaka, aliyekuja hata miaka ambayo ukumbi ulikuwa ukilia njaa. Ninashauri kanuni yoyote impe mteja wa aina hii haki ya kushika msimu wake, ingawa si wiki yake hasa. Yaani jiji linaweza kumsogeza wiki mbili mbele au nyuma, kwa taarifa ya miezi 24, lakini haliwezi kumfukuza Machi yote. Yeye ndiye atakayekuwepo mwaka ambao madaktari wako bara jingine.

Uchague ipi, kulingana na hali yako

Kama mji una hoteli nyingi zinazolala tupu msimu wa mvua, anza na njia ya kwanza kwa miezi hiyo pekee, na miezi mingine uiache huru. Si lazima kanuni moja itawale mwaka mzima.

Kama benki inadai, tumia ya pili, lakini weka kikomo: karamu ya usiku mmoja isikubaliwe zaidi ya miezi 18 mbele, ili wiki nzima zibaki nzima kwa makongamano makubwa yanayopangwa mapema.

Kama wananchi wamekwisha kuuona ukumbi kuwa wa wageni na wa viongozi, ya tatu itangulie. Anza na Jumamosi chache zinazoheshimiwa kweli kuliko siku nyingi za karatasi.

Kama bodi imewahi kukumbwa na kashfa ya upendeleo, ya nne itawapumzisha kwa mwaka mmoja au miwili, hata ikipoteza mapato kiasi, huku mkiandika kanuni pana zaidi. Kalenda ibandikwe mahali pa wazi, kila mtu aone nani kashika nini na tangu lini.

Kama ukumbi ni mpya na kalenda ni nyeupe, usikimbilie kuwakatalia watu. Mwaka wa kwanza na wa pili pokea kila anayelipa kwa tarehe za karibu, linda wiki kama nane kwa mwaka kuanzia mwaka wa tatu kwa makongamano, na andika kila tukio: waliahidi wangapi, walikuja wangapi, walilala wapi, waliacha kiasi gani. Baada ya miaka miwili ofisa wako wa kalenda atakuwa na takwimu za mji wake mwenyewe mezani, karibu na penseli.